Kuutangaza uhifadhi wa Mji wa Kale mitandaoni: mwongozo kwa vikundi vya Mombasa

Tafuta Mji wa Kale wa Mombasa kwenye Instagram na utaletewa milango ya nakshi, kuta za Fort Jesus na vijana waliovaa nguo za Idi wakipiga picha chini ya roshani. Ni picha nzuri, na watu wanazipenda. Lakini hazimwambii mwenye nyumba wa Kibokoni kwamba lipu ya simiti anayopanga kupiga wiki ijayo itamharibia ukuta. Wala hazimwelekezi mtu aliye na shilingi elfu mbili za kuchangia azitume wapi. Kikundi cha uhifadhi kinapofungua ukurasa, kazi yake inaanzia pale picha nzuri inapoishia.

Mwongozo huu ni wa vikundi vidogo: vijana wa mtaani, kamati za misikiti ya zamani, familia zenye nyumba ya urithi, waongoza wageni, walimu. Nawafikiria watu wenye simu mbili tatu, bando la kuchangishana, na wasio na mtu wa kulipwa kwa kazi ya mitandao. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Vikundi vingi hukimbilia picha na video kabla ya kujua vinamtafuta nani, na baada ya miezi michache ukurasa unalala.

Hatua ya 1: Amua nani afanye nini

Kaeni, mwandike kwenye karatasi sentensi zenye mtu na kitendo. Kwa mfano:

- Mwenye nyumba ya mawe atuulize kabla hajamwita fundi.
- Kijana wa Kuze au Makadara aje kujifunza kazi ya chokaa.
- Mrithi aliyeko Muscat au London achangie paa kabla ya masika.
- Mgeni aweke nafasi ya ziara inayoongozwa na mwenyeji.

Chagueni mbili, si zaidi. Mkiniuliza, nitawaambia muanze na ile ya kwanza, na nina sababu. Fort Jesus iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na eneo lake lote, handaki likiwemo, ni hekta 2.36. Ina walinzi, ina bajeti, ina wataalamu. Mji wa Kale ulio kando yake una hekta 72 hivi, na humo nyumba ni za watu: za familia, za wakf, nyingine za warithi kumi waliotawanyika nchi nne. Hatima ya nyumba hizo huamuliwa sebuleni, siku ambayo paa limevuja na fundi wa bei rahisi amepita mlangoni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mji huu ni eneo la uhifadhi kisheria, na sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 ipo. Mwenye nyumba anatakiwa kupata ruhusa kabla ya kubadilisha sura ya jengo lake. Wengi huisikia habari hiyo siku wanaposimamishwa ujenzi ukiwa nusu, na hapo tayari kuna hasira. Ukurasa wenu unaweza kuwafikia mapema, kwa maneno ya upole, kwa lugha yao.

Hatua ya 2: Karatasi kwanza

Hili lipitieni upesi lakini msiliruke. Kikundi kisajiliwe: vikundi vya kijamii vina sheria yake ya 2022, na mashirika ya manufaa ya umma yako chini ya sheria iliyoanza kutumika Mei 2024. Pesa ziingie kwenye Paybill au akaunti ya jina la kikundi, kamwe zisiingie kwenye namba ya simu ya katibu. Ukitaka kurusha droni, kibali kinatoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Ukitaka kupiga filamu ya biashara ndani ya Fort Jesus, zungumza na uongozi wake kabla ya kubeba kamera. Na karibu na Bandari ya Kale uliza kwanza nini kinaruhusiwa kupigwa picha.

Hatua ya 3: Omba idhini kama mtoto wa mtaa

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Nyumba ya mawe ya Kiswahili imejengwa ili mpita njia asione ndani. Una baraza ya nje, una daka (ukumbi mdogo wa mlangoni), kisha mlango unakupeleka mahali ambapo lazima upinde ndipo ufike ndani kwa wenyewe. Aliyejenga hivyo alikuwa analinda sitara ya nyumba. Simu yenye kamera inaivunja sitara hiyo kwa sekunde moja, kwa hiyo mwenye simu ndiye anayepaswa kujizuia.

Mara ya kwanza nenda bila kupiga picha. Nenda na mtu anayejulikana pale, na kama mwenye nyumba ni mwanamke, dada mmoja wa kikundi awe mbele. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi?"

"Ni sisi wa kikundi cha kuhifadhi nyumba za hapa mtaani, bibi. Tungependa kuupiga picha mlango wako, na utwambie habari zake kama unazo."

"Mlango pigeni. Ndani hapana. Na mimi msinitoe."

"Na sauti yako, bibi? Tukirikodi sauti peke yake?"

"Sauti... haya. Lakini jina msiliseme."

Toa daftari hapo hapo uandike mbele yake: mlango ndiyo, ndani hapana, sura hapana, sauti ndiyo, jina hapana, tarehe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda mtu anayeweza kutambulika kwa picha au sauti, na idhini anayotoa leo anaweza kuiondoa kesho. Akikutumia ujumbe mwezi ujao kwamba mwanawe hakupenda, iondoe picha au sauti hiyo siku hiyo hiyo, bila kubishana. Watoto msiwapige bila mzazi.

Na mtakachokuwa nacho mkitoka pale ni kitu bora kuliko mngelipewa ruhusa yote: picha ya mlango ikiwa imetulia, na sauti ya bibi juu yake akieleza nani aliuleta na wapi palikuwa na pete ya kugongea. Chapisho la namna hiyo halihitaji kupambwa.

Hatua ya 4: Chagua mitandao miwili

WhatsApp iwe ya kwanza. Wenye nyumba wako huko, mafundi wako huko, na warithi walioko ng'ambo wako huko wakisubiri habari za nyumbani. Fungueni laini ya kikundi yenye WhatsApp ya biashara, kisha chaneli. Chaneli ina faida moja kubwa kwa watu wa mji mdogo wanaojuana: wafuasi hawaoni namba za wenzao, na hakuna anayejaza matangazo ya mitumba na habari za harusi katikati ya mada. Kikundi cha kawaida cha WhatsApp kibaki cha watendaji peke yao.

Mtandao wa pili utegemee sentensi mliyoiandika katika hatua ya kwanza. Facebook ina wazee na jamaa wa ng'ambo, na humo picha za zamani huamsha kumbukumbu: tia picha ya zamani ya barabara ya Ndia Kuu na watu wataanza kutajana duka la nani lilikuwa wapi. Instagram ni ya wageni, wasanifu majengo na wanafunzi wao. TikTok ni ya vijana, na kazi ya mikono hufanya vizuri huko. YouTube itumieni kama ghala la mahojiano marefu. X ina waandishi wa habari na maafisa wa kaunti, lakini isiwe ya kwanza kwenu.

Jina liwe moja kote, herufi kwa herufi. Kwenye maelezo ya ukurasa semeni mko mtaa gani, mnafanya nini, na namba ya WhatsApp. Nembo isomeke ikiwa ndogo kama kucha. Ningeomba pia msichore jahazi, maana kila duka la Mombasa lina jahazi. Kipande kimoja cha nakshi ya mlango wa mtaa wenu kitawatambulisha zaidi.

Hatua ya 5: Onyesha kazi

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Watu wamezoea kuona jengo likiwa limekamilika. Hawajaona mikono. Na mikono ndiyo inayomfundisha mwenye nyumba, inayomvuta kijana kwenye ufundi, na inayomfanya mchangiaji aamini.

Chukua mfano wa chokaa. Kuta za nyumba za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe, nayo yana vitundu. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hewa ya bahari huleta chumvi. Lipu ya chokaa huruhusu unyevu utoke taratibu. Simiti huuziba. Maji yakibaki ndani ya ukuta, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Baada ya misimu kadhaa ya mvua lipu inavimba, inabanduka, na mara nyingi inaondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba huona ubovu, anamwita fundi, fundi anaongeza simiti nzito zaidi. Mzunguko huo umekula kuta nyingi kuliko mvua yenyewe.

Sasa hayo yote yanaingia kwenye video ya dakika moja, na haina haja ya muziki:

Anza na kidole cha fundi kikigonga lipu ya simiti iliyovimba. Sauti ya mvungu inasikika. Iache isikike mara tatu. Kisha anagonga ukuta usio na ubovu, sauti ni nyingine. Onyesha kipande kikibanduliwa na unga mweupe wa chumvi nyuma yake. Halafu chokaa: chokaa iliyochomwa ikitiwa maji hutokota na kutoa mvuke kwa nguvu, na hakuna kitakachomshika mtazamaji zaidi ya hapo. Simama mbali na uvae miwani, kwa sababu ikiruka jichoni inaunguza. Maliza na mwiko ukilaza lipu mpya na gunia lililoloweshwa maji likitundikwa juu yake ili jua lisiikaushe haraka. Fundi aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Lafudhi ya Kimvita msiirekebishe. Wekeni manukuu ya Kiswahili chepesi chini, kwa sababu wengi hutazama simu bila sauti.

Maelezo ya chini ya video yaandikwe hivi, kwa mfano:

"Gonga ukuta wako. Ukilia mvungu, simiti imeachana na jiwe. Usimwite fundi bado. Tutumie picha tatu kwa WhatsApp: ukuta mzima, sehemu mbovu kwa karibu, na chini kabisa ukuta unapokutana na ardhi. Tutakujibu ndani ya siku mbili, bila malipo."

Angalia maelezo hayo yana nini. Yana kitu cha kufanya sasa hivi (kugonga), yana katazo moja, yana ombi lililo wazi, yana ahadi yenye muda. Hayana "tuulinde urithi wetu" na hayana methali ya ufa na ukuta, ambayo kila mtu ameshaitumia. Mkitoa ahadi ya siku mbili, basi iwe siku mbili. Ukurasa wa uhifadhi usiojibu humfundisha mwenye nyumba kwamba hamna msaada.

Mada nyingine zipo tele na hazihitaji gharama. Kwa nini vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba na virefu? Kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki upana wa mita tatu hivi. Upana wa chumba uliamuliwa msituni. Kwa nini boriti iliyo karibu na choo ndiyo huoza mwanzo? Mfaa wa mlango ni upi, na kizingiti ni kipi? Vidaka vya ukutani viliwekwa nini? Chapisho moja kwa kila sehemu ya nyumba, na mna kazi ya miezi kadhaa. Majina hayo yanapotea midomoni mwa vijana, na mkiyaandika kwenye picha, watoto wa shule watayapata wakitafuta.

Kuhusu picha zenyewe, machache. Nakshi haionekani mwanga ukiupiga mlango uso kwa uso. Subiri mwanga wa ubavuni, asubuhi au alasiri, ndipo maua na minyororo iinuke. Kwenye vichochoro ambavyo jua huingia saa chache tu, siku ya mawingu ni bora. Usipake mlango mafuta wala maji ili ung'ae. Weka mkono wa mtu au kiti ili ukubwa uonekane. Usifute nyaya za umeme, mabomba na mabati kwenye picha, na rangi usizitie chumvi: picha yenu leo ni ushahidi wa hali ya jengo kwa mhifadhi atakayekuja baada ya miaka ishirini.

Lugha iwe Kiswahili kwanza. Kiingereza kifuate chini kama mtandao ule una wageni. Mkigeuza mpangilio huo, mwenye nyumba ataona ukurasa ni wa watalii na atapita.

Hatua ya 6: Hakikisha historia kabla ya kuiandika

Mitandao hupenda mashimo ya siri na mashetani. Msishindane nayo, historia iliyothibitishwa inatosha. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 wakaiteka 1698. Waingereza waliifanya jela kutoka 1895 hadi 1958, na bado kuna wazee mjini wanaoikumbuka kama gereza. Msikiti wa Mandhry unakadiriwa kuwa wa mwaka 1570 hivi, na bado unasaliwa. Hilo la kusaliwa liandikwe pamoja na tarehe, kwa kuwa ndilo linaloufanya udumu.

Familia ikikwambia nyumba yao ina miaka mia tatu, usiandike "ina miaka mia tatu". Andika "kwa maelezo ya familia". Maneno hayo manne yanamheshimu mzee na yanawalinda nyinyi. Mkikosolewa kwenye komenti na mtu mwenye ushahidi, rekebisheni chapisho na mumshukuru kwa jina lake la ukurasani. Wasomi wa Kiswahili na historia ya pwani wengi wako hapa hapa Mombasa, na wakiona mko makini wataanza kuwaletea nyaraka.

Hatua ya 7: Fuata kalenda ya jengo

Kalenda za masoko ya mitandao zinasema mposti kila siku. Kwa kikundi kidogo, machapisho mawili kwa wiki yanatosha, mradi yaje kwa wakati wake. Wakati wenyewe unatawaliwa na upepo na mvua. Kaskazi ni msimu mkavu wa kutengeneza: Januari na Februari onyesheni mafundi kazini. Machi ni ya paa na mifereji, kabla masika hayajaingia. Chapisho la "panda juu uondoe majani kwenye mfereji" likitoka Machi litaokoa dari, likitoka Mei litawaudhi watu ambao dari imeshaanguka. Aprili na Mei rikodini uvujaji: maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi.

Siku rasmi nazo zina nafasi. Tarehe 18 Aprili ni siku ya kimataifa ya majengo na maeneo ya kale, na kwetu huangukia mvuani, kwa hiyo msipange matembezi ya nje siku hiyo. Fanyeni mazungumzo ya moja kwa moja mkiwa ndani ya nyumba moja. Tarehe 18 Mei ni siku ya makumbusho, na 7 Julai ni siku ya Kiswahili duniani, inayofaa sana kwa yale majina ya sehemu za nyumba. Septemba kuna shindano la picha la Wiki Loves Monuments, lililoanzia Uholanzi mwaka 2010. Angalieni kama Kenya inashiriki mwaka huo. Mwezi wa Ramadhani chapisheni baada ya tarawehe. Mchana watu wana shughuli na ibada, na magharibi hakuna anayeshika simu.

Hatua ya 8: Omba pesa kwa kitu kinachoshikika

"Changia uhifadhi" haimfikii mtu. "Boriti sita za chumba cha juu, tumepata mbili" inamfikia. Taja kitu, bei mliyopewa na muuzaji, kilichopatikana na kilichobaki. Weka picha ya pale ambapo boriti mbovu ilipo. Paybill iandikwe kwa maandishi, si ndani ya picha peke yake, ili mtu aweze kuinakili. Kabla ya kuchangisha hadharani, ulizeni ofisi ya serikali kuhusu kibali cha michango ya umma.

Kisha rudini na taarifa. Ndani ya wiki moja ya kununua, wekeni risiti na picha ya boriti zikiwa zimefika mlangoni. Aliye Muscat hawezi kupita kuangalia. Risiti ndiyo macho yake. Kikundi kinachorudisha taarifa mara mbili tatu hakilazimiki kubembeleza mara ya nne.

Matangazo ya kulipia kwenye Facebook na Instagram yanaweza kusaidia, lakini kwa jambo lenye tarehe tu, kama mafunzo ya chokaa, na yaelekezwe kwa watu wa kisiwani na ng'ambo ya feri. Kikundi kilichosajiliwa na chenye tovuti kinaweza pia kuomba mpango wa Google wa mashirika yasiyo ya faida, ambao hutoa nafasi za matangazo ya utafutaji za hadi dola 10,000 kwa mwezi. Hizo ni nafasi za matangazo, pesa taslimu haziji.

Hatua ya 9: Siku ukuta unapoanguka

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib kule Mji Mkongwe, Zanzibar, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Picha zilizagaa kabla ya taarifa yoyote. Siku kama hiyo ikifika Mombasa, au siku mtakapokuta nyumba inabomolewa usiku, mnahitaji mpangilio mliokubaliana mapema.

Usalama wa watu kwanza: waondoeni walio karibu, pigeni simu kwa wa dharura. Pili, picha na saa na mahali hasa, kutoka mbali. Tatu, simu kwa ofisi ya uhifadhi ya Makavazi na kwa kaunti. Nne ndipo chapisho, fupi, lenye yale tu mliyoyaona kwa macho yenu. Msimtaje mwenye nyumba wala mkandarasi kwa jina. Mara nyingi nyuma ya ubomoaji kuna mirathi isiyoisha, kuna mama mwenye watoto anayeogopa dari, kuna mtu aliyeomba ruhusa akakawizwa. Mkimwaibisha mtandaoni, wenye nyumba wengine kumi waliokuwa wanakaribia kuwauliza jambo watafunga milango. Niko tayari kupoteza chapisho lenye maelfu ya watazamaji ili nyumba moja iendelee kutufungulia.

Mabishano ya kisiasa yakizuka kwenye komenti, jibuni mara moja kwa ukweli, kisha nyamazeni. Matusi yafuteni.

Hatua ya 10: Hesabu kila mwisho wa mwezi

Karatasi moja. Wenye nyumba wangapi walituandikia? Wangapi tuliwatembelea? Fundi gani alipata kazi kupitia kwetu? Vijana wangapi walikuja mafunzoni? Kiasi gani kilichangwa, na kimetumika wapi? Chini kabisa, kama nafasi imebaki, andikeni idadi ya wafuasi. Mkiona video yenye watazamaji wachache ilileta maswali matano ya kuta, tengenezeni nyingine kama hiyo.

Hatua ya 11: Linda akaunti na tunza picha asili

Kila akaunti iwe na wasimamizi wawili, barua pepe ya kikundi, na uthibitisho wa hatua mbili. Laini ya simu isiwe ya mtu atakayehamia Nairobi mwezi ujao. Mtu akitoka kwenye kikundi, nywila zibadilishwe siku hiyo, bila kumwonea wala kumwonea haya.

Picha asili zitunzwe nje ya mitandao. WhatsApp huzipunguza ukubwa, kwa hiyo mkitumiana zitumeni kama faili. Wekeni nakala mbili, moja kwenye diski na nyingine mtandaoni, na zile ambazo mwenye nyumba ameridhia zipelekeni Wikimedia Commons, hazina huria ya picha mtandaoni, ambako mtafiti yeyote atazikuta. Jina la faili liseme kila kitu kwa mpangilio mmoja: mwaka, mwezi, siku, mtaa, alama ya nyumba, upande wa ukuta. Jina la mwenye nyumba lisiwemo. Kwa mfano: 2025-02-14_Kibokoni_N07_ukuta-mashariki. Jina likianza na mwaka, faili zitajipanga zenyewe kwa tarehe, na ukuta ule ule ukipigwa picha kila Februari kutoka mahali pale pale, mhifadhi ataona ufa umesogea kiasi gani.